KAZI YA WANAFUNZI ISIISHIE KABATINI

Kila mwaka, kabla ya kutunukiwa shahada, mwanafunzi anayesomea kompyuta katika chuo kikuu hutakiwa kuunda programu. Kazi hiyo huitwa mradi wa mwaka wa mwisho. Mwanafunzi huchagua tatizo, hutumia miezi kadhaa kuiandikia kompyuta maagizo, huandika taarifa na kuijalidi, na hatimaye husimama mbele ya walimu wake kuieleza. Hupewa alama. Baada ya hapo taarifa huwekwa katika kabati la idara, na programu yenyewe hubaki katika kompyuta ya mwenyewe mpaka kompyuta hiyo ifutwe au iuzwe. Mwaka unaofuata huja mwanafunzi mwingine, naye huanza upya, pengine kwa tatizo lile lile.

Utaratibu huu umezoeleka katika vyuo vya nchi nyingi kiasi kwamba wachache wanauhoji. Hata hivyo hapana budi uhojiwe, kwa sababu unapoteza vitu viwili kwa pamoja. Unapoteza jasho la vijana, ambalo lingeweza kuifaa shule, zahanati au ofisi ya wilaya. Tena unapoteza fundisho kubwa kuliko yote katika kazi hii, yaani namna ya kuunda kitu kimoja pamoja na watu ambao mtu hakai nao, pengine hajapata kuwaona, na ambao wataendelea na kazi hiyo atakapoondoka.

Njia ya kuokoa vyote viwili ipo, na imekwisha kujaribiwa. Wanafunzi wa vyuo vikuu mbalimbali huunganishwa katika makundi madogo. Kila kundi hupewa sehemu ya programu ya kweli. Na kila mwanafunzi hupewa alama na chuo chake mwenyewe. Jambo hili linawahusu walimu wanaosimamia miradi. Linawahusu pia watumishi wa umma, kwa kuwa wanafunzi wa leo ndio watakaounda na kutengeneza programu za kesho za kutunza mishahara, matokeo ya mitihani na taarifa za hospitali.

Mtu Peke Yake

Wapo wanaoamini kwamba programu ya kompyuta ni kazi ya mtu mmoja mwerevu aliyejifungia chumbani usiku. Imani hiyo ina ukweli kwa vitu vidogo tu. Mwaka 1991 Linus Torvalds, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, alianza kuandika kiini cha programu ya uendeshaji ambayo baadaye iliitwa Linux. Jina lake ndilo linalokumbukwa. Lakini kilichoieneza kazi hiyo duniani ni kwamba aliitoa hadharani, na watu wa nchi nyingine wakaisoma, wakaikosoa na kuiongezea sehemu, wengi wao bila ya kuonana naye. Mwaka 2005, baada ya wachangiaji hao kukosa ruhusa ya kutumia bure chombo walichokuwa wakikitegemea kuunganishia kazi zao, Torvalds aliunda kingine, kiitwacho Git. Chombo hicho huweka kumbukumbu ya kila badiliko: nani amebadili, lini, na amebadili nini. Leo waandishi wa programu duniani kote wanakitumia.

Mhitimu anayeingia kazini hukuta hali hiyo hiyo ya kazi ya wengi. Hupewa programu iliyoandikwa na watu waliokwisha kuhama, yenye maelfu ya mistari, akaambiwa arekebishe sehemu ndogo bila ya kuharibu sehemu nyingine. Kama katika miaka yake yote ya chuo aliandika programu zake mwenyewe tu, na kuzisahau baada ya mtihani, kusoma maandishi ya mtu mwingine kutamshinda. Ataona rahisi kuyatupa na kuanza upya. Hapo ndipo ugonjwa wa kabati la idara unapohamia ofisini, na safari hii gharama yake hailipwi kwa alama za mtihani; hulipwa kwa fedha za umma.

Mifano

Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Uppsala nchini Sweden na Chuo Kikuu cha Grand Valley State katika jimbo la Michigan, Marekani, vilianza mpango ulioitwa Runestone. Wanafunzi waligawanywa katika makundi, kila kundi likiwa na watu wa pande zote mbili. Kazi yao ilikuwa kuandika programu ya kuendesha mchezo wa watoto: ubao wenye njia na matundu, ambao huinamishwa huku na huku ili gololi ya chuma ipite njiani bila ya kutumbukia. Ubao ulifungwa mota na kamera, na programu ilitakiwa kuiona gololi na kuiongoza. Kati ya Uppsala na Michigan kuna tofauti ya saa sita. Mwanafunzi wa Sweden anapomaliza chakula cha mchana, mwenzake wa Marekani ndiyo kwanza anaamka. Waliwasiliana kwa barua pepe na kwa mazungumzo ya maandishi katika intaneti. Mchezo ulikuwa wa kitoto, lakini somo halikuwa la kitoto hata kidogo: upande mmoja ukinyamaza siku tatu, gololi hutumbukia.

Mwaka 2007 chuo cha ETH cha mjini Zürich, Uswisi, chini ya Profesa Bertrand Meyer, kilianza kuendesha somo ambalo mradi wake uliunganisha vyuo vya nchi kadhaa. Katika miaka iliyofuata walishiriki wanafunzi wa Italia, Urusi, Ukraine, Vietnam na Argentina, miongoni mwa wengine. Programu moja iligawanywa, na sehemu zake zikaandikwa katika nchi tofauti. Meyer huyo ndiye aliyeeneza, tangu miaka ya 1980, fikra ya kwamba kila sehemu ya programu iwe na mkataba na sehemu nyingine: ieleze inahitaji kupewa nini, na ikipewa, itarudisha nini. Wanafunzi wanaokaa chumba kimoja wanaweza kuupuuza mkataba wa namna hiyo, kwa kuwa kila jambo wanaulizana papo hapo. Wanaotenganishwa na bahari hawawezi. Umbali, ambao huonekana kuwa kikwazo, hugeuka kuwa mwalimu.

Nchini Kanada, mwaka 2008, walimu wa vyuo vikuu kadhaa, Toronto na Alberta vikiwamo, walianzisha mpango wa miradi ya mwaka wa mwisho ulioendelea kwa miaka kadhaa. Huko wanafunzi hawakuanza kitu kipya. Walijiunga na programu huria zilizokuwa zikitumika tayari, yaani zile ambazo maandishi yake yako wazi kwa kila mtu kuyasoma na kuyarekebisha. Kila kundi lilikuwa na watu wachache kutoka vyuo tofauti, pamoja na mshauri aliyeijua programu yenyewe. Mwanzoni mwa muhula walikusanywa mahali pamoja kwa siku chache, wakafahamiana na kuianza kazi bega kwa bega. Kisha wakarudi vyuoni kwao na kuendelea kwa njia ya intaneti.

Mojawapo ya programu hizo ni MarkUs, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Toronto, ambayo walimu huitumia kupokea na kusahihisha kazi za wanafunzi. Imejengwa kwa sehemu kubwa na wanafunzi wenyewe, kundi moja likipokea kijiti kutoka kwa lililotangulia. Mwanafunzi aliyeongeza sehemu ndogo katika programu hiyo ameacha kitu ambacho mwalimu anakitumia. Aliyeandika programu nzima peke yake, ikaishia kabatini, hakuacha kitu. Ni vema wasimamizi wa miradi wakaupima uzito wa tofauti hiyo.

Manahodha

Isidhaniwe kwamba kuwakusanya vijana wengi kunatosha. Mwaka 1975 Frederick Brooks, aliyekuwa ameongoza uundaji wa programu ya uendeshaji ya mashine za IBM System/360, alitoa kitabu kiitwacho The Mythical Man-Month. Hoja yake iliyopata umaarufu ni kwamba kuongeza watu katika kazi ya programu iliyokwisha kuchelewa huifanya ichelewe zaidi. Sababu yake inaweza kufundishwa katika darasa la hesabu la sekondari. Watu watatu wana njia tatu za mawasiliano kati yao. Watu sita wana njia 15. Watu 12 wana njia 66. Idadi ya watu ikizidishwa maradufu, mazungumzo yanayohitajika huongezeka zaidi ya mara nne. Wahenga wa pwani hawakuwa na kompyuta, lakini walikwisha kusema kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Kwa hiyo makundi yawe madogo, na kila kundi liwe na mipaka ya kazi inayojulikana. Fundisho hili linatiliwa nguvu na lingine lililotolewa mwaka 1968 na Melvin Conway, Mmarekani, aliyeonyesha kwamba mfumo wowote unaoundwa na watu hufanana na mawasiliano ya watu wenyewe. Makundi mawili yasiyozungumza huunda programu mbili zisizozungumza. Mtumishi wa umma hahitaji kusoma chuo kikuu ili aielewe kanuni hii. Mwananchi anayeandikishwa jina, tarehe ya kuzaliwa na kijiji chake katika dirisha la kwanza, akaandikishwa yale yale katika dirisha la pili, na tena katika la tatu, ameiona kwa macho yake. Mara nyingi kasoro haianzii katika mashine. Huanzia kwa maofisa ambao hawakukaa pamoja kukubaliana.

Mfano mkubwa zaidi wa kutokubaliana ulitokea angani. Tarehe 23 Septemba 1999 Marekani ilipoteza chombo chake kilichoitwa Mars Climate Orbiter, kilichogharimu zaidi ya dola milioni 100, kilipokuwa kikikaribia sayari ya Mars. Uchunguzi ulionyesha kwamba programu moja ya duniani, iliyoandikwa na kampuni iliyokiunda chombo, ilitoa hesabu za msukumo kwa vipimo vya Kiingereza vya ratili, na wale waliokiongoza walizipokea kama vipimo vya metriki. Hapakuwa na upungufu wa wataalam upande wowote. Palikosekana mtu wa kuhakikisha kwamba kinachotolewa na mmoja ndicho kinachotazamiwa na mwenziwe. Mwanafunzi aliyewahi kuumizwa na kosa dogo la aina hiyo katika mradi wa muhula mmoja hatalisahau atakapokabidhiwa hesabu za mishahara ya mkoa.

Kupe

Walimu wenye uzoefu watauliza swali la haki: je, katika kazi ya kundi, nani anajua nani amefanya nini? Kila mwalimu anamfahamu mwanafunzi ambaye huonekana siku ya kwanza na siku ya kupigwa picha, na katikati haonekani. Huyo ni kupe. Hunyonya jasho la wenzake na hupata alama sawa na wao. Katika kundi lililotawanyika vyuoni, kupe hupata maficho zaidi, kwa kuwa wenzake hawawezi kumgongea mlango.

Hofu hii ni ya kweli, lakini dawa yake imo katika kazi yenyewe. Chombo cha kutunzia maandishi ya programu, kama kile kilichotajwa, huandika jina na saa ya kila badiliko. Mwalimu anaweza kufungua kumbukumbu hizo na kuona kwamba mmoja alifanya kazi kila wiki, na mwingine alimwaga mistari mia tano usiku wa kuamkia mtihani. Hata hivyo kumbukumbu hizo zisitumiwe kama mizani ya duka. Mwanafunzi aliyetumia siku mbili kutafuta kasoro na kuiondoa kwa mstari mmoja huenda amefanya kazi kubwa kuliko aliyeandika kurasa kumi. Anayesoma kwa makini kazi ya mwenzake na kumwonyesha kosa kabla halijaingia katika programu naye amefanya kazi. Kwa hiyo kumbukumbu za mashine ziambatane na ushahidi wa wanakundi wenyewe, maelezo ya mshauri, na mahojiano ya mwanafunzi mmoja mmoja mbele ya mwalimu wake. Aliyefanya ataeleza, asiyefanya atababaika.

Swali la pili la walimu ni la kalenda. Muhula wa chuo kimoja huanza mwezi ambao chuo kingine kinafanya mitihani. Hapa hakuna dawa ya miujiza. Vyuo vinavyotaka kushirikiana vitafute majuma yanayopishana kidogo, na kazi ikatwe vipande vinavyoweza kumalizika ndani ya majuma hayo. Mradi ukitegemea kila mtu awepo kila siku, umekufa kabla ya kuzaliwa. Mradi wenye vipande vidogo, kila kimoja kikiwa na maana peke yake, huvumilia mtu kuugua, umeme kukatika na chuo kufungwa.

Liko pia swali la heshima. Baadhi ya vyuo huona kwamba mwanafunzi wake akifanya kazi na wa chuo kidogo, atashushwa. Fikra hiyo haifai kulelewa. Katika kazi ya programu, badiliko zuri hukubaliwa na baya hukataliwa, na anayelisoma hana haja ya kuuliza limetoka chuo gani. Mwanafunzi wa chuo kikongwe anayerudishiwa kazi yake na mwenzake wa chuo kichanga, ikiwa na maelezo ya kosa lake, amepata elimu ambayo hakuna mhadhara ungeweza kumpa.

Nyumbani

Kwa Afrika Mashariki, fikra ya vyuo kugawana kazi si ngeni. Kuanzia mwaka 1963 hadi 1970 palikuwa na Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichounganisha vyuo vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam, na Mwalimu Julius Nyerere akiwa Mkuu wake. Sheria ilisomwa Dar es Salaam, uhandisi Nairobi, udaktari Makerere, na vijana walivuka mipaka kuifuata elimu. Mwaka 1970 kila nchi ilichukua njia yake, kwa sababu ambazo wakati ule zilionekana kuwa na uzito. Mwaka 1980 likaundwa Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki, ambalo makao yake yako Kampala, ili uhusiano usikatike kabisa. Kilichokuwa kigumu wakati huo, yaani kumsafirisha kijana kwa garimoshi na meli ya ziwa akafanye kazi na mwenziwe, leo kinaweza kufanyika bila ya mtu kutoka mjini kwake. Waya wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam na Mombasa mwaka 2009, na nyingine zimefuata. Intaneti bado si rahisi kwa kila mwanafunzi, wala haipatikani sawasawa kila mahali. Lakini maandishi ya programu ni mepesi. Kipande cha kazi ya wiki nzima kinaweza kutumwa kwa gharama ndogo kuliko picha chache za harusi.

Wala Afrika Mashariki haikukaa nje ya kazi za namna hii. Mwaka 2001 ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi cha Eldoret na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani ulizaa mfumo wa kompyuta wa kutunza kumbukumbu za wagonjwa katika kituo cha afya cha Mosoriot, kijijini Kenya. Kutokana na uzoefu huo, mwaka 2004 ilianzishwa programu huria ya OpenMRS, iliyoanza kutumika Eldoret mwaka 2006 na baadaye kuenea katika nchi nyingi. Vile vile programu ya DHIS2, inayokusanya takwimu za zahanati na hospitali, ina mizizi yake katika mpango uliozaliwa Afrika Kusini mwaka 1994, wakati wa kuvunjwa kwa ubaguzi wa rangi, kwa ushirikiano wa vyuo vya huko na Chuo Kikuu cha Oslo cha Norway. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa mshiriki katika kazi hiyo, na wanafunzi wa shahada za juu wa Afrika, Asia na Ulaya wamechangia katika kuijenga na kuifanyia utafiti. Wizara za afya za Tanzania na Kenya zinaitumia.

Muuguzi wa zahanati anayejaza idadi ya watoto waliochanjwa pengine hajui kwamba programu anayoitumia ilipita mikononi mwa wanafunzi. Hana haja ya kujua. Anachohitaji ni programu isiyomkatikia katikati ya kazi, na mtu wa kuirekebisha ikikatika. Hapo ndipo penye uzito wa suala lote hili. Programu iliyoundwa na mwanafunzi mmoja, akahitimu na kuondoka, haina mtu wa kuirekebisha. Iliyoundwa na wengi, ikiwa na kumbukumbu wazi na mlezi wa kudumu, ina watu hao.

Wajibu

Basi nini kifanyike? Kwanza, waanze wachache. Idara mbili za vyuo viwili, walimu wawili wanaoaminiana, programu moja, muhula mmoja. Mipango mikubwa inayoanza kwa sherehe na mikataba yenye mihuri mingi aghalabu huishia katika picha za sherehe. Haba na haba hujaza kibaba.

Pili, wanafunzi wasianze na kitu kipya. Wapewe programu iliyo hai, yenye watumiaji, na yenye orodha ya kasoro zinazojulikana. Kijana aliyeondoa kasoro tano katika programu inayotumika amejifunza zaidi ya aliyebuni mfumo mkubwa usio na mtumiaji hata mmoja. Asemehewe kuona kazi hiyo haina fahari; fahari yake ataiona baadaye.

Tatu, kila programu iwe na mlezi asiyehitimu. Mlezi huyo anaweza kuwa mwalimu, fundi wa idara au mtumishi wa ofisi inayoitumia, lakini lazima muda wake kwa kazi hiyo uhesabiwe katika majukumu yake. Ulezi usiohesabiwa hufanywa kwa mwaka mmoja wa moyo mwema, kisha huachwa.

Nne, vyuo vikubali kutoa alama kwa kazi iliyofanywa pamoja na wageni. Hili ni suala la kanuni za mitihani, na kanuni zilitungwa na watu. Kila chuo kibaki na haki ya kumpima mwanafunzi wake kwa kipimo chake, lakini kisimwadhibu kwa sababu jina lake haliko peke yake juu ya jalada.

Tano, kama fedha zipo kidogo, zitumike kuwakutanisha vijana ana kwa ana kwa siku chache za mwanzo. Walimu wa Kanada walianza hivyo kwa sababu ya msingi. Ni vigumu kwa mtu kukubali kukosolewa na jina tu katika kioo cha kompyuta. Waliokwisha kula sahani moja husomana kwa imani.

Watumishi wa umma nao wana sehemu yao. Wao ndio wanaoyajua matatizo: daftari la wanafunzi lisiloweza kujumlishwa, ghala la dawa lisilojua kilichobaki, kumbukumbu za ardhi zinazopotea. Wakiyaandika kwa lugha nyepesi na kuyapeleka vyuoni, watawapa vijana kazi zenye maana kuliko zile za kubuni. Lakini yafaa wachunge mambo mawili. Kwanza, taarifa za watu si vifaa vya mazoezi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaweka masharti kwa mtu na ofisi yoyote inayozishika, na hata kama isingekuwapo, haifai jina la mgonjwa au alama za mtoto kuzunguka katika kompyuta za wanafunzi wa vyuo vitano. Kwa mazoezi zitumike taarifa za kubuni. Pili, mwanafunzi si kibarua wa bure. Ofisi inayohitaji mfumo wa kuendeshea shughuli zake za kila siku iajiri watu au ilipe kampuni. Ikimtwisha mwanafunzi mzigo huo kwa kisingizio cha kumfundisha, itakuwa imemdhulumu kijana, imemnyima mhitimu kazi, na imejiwekea mfumo ambao siku ya mahafali utabaki yatima.

Hakuna hata moja katika haya linalohitaji mitambo mipya ya gharama kubwa. Vyombo vya kushirikiana vipo, na vingi havilipiwi. Mifano ipo, ya Ulaya, ya Kanada na ya Eldoret. Kinachohitajika ni walimu wawili kuandikiana barua na kukubaliana juu ya programu moja, vipimo vyake, mipaka yake na mlezi wake. Kidole kimoja hakivunji chawa, na chuo kimoja hakiwezi kuwafundisha vijana wake ushirikiano kwa kuwafungia ndani ya ukuta wake. Muhula ujao, wakati orodha za miradi zinapobandikwa katika mbao za matangazo, kila idara ijiulize ni mingapi kati ya hiyo itakayokuwa hai mwaka mmoja baadaye. Ikiwa jibu ni sifuri, basi kabati limekwisha kujaa, na wakati wa kufungua mlango umefika.